Uzi: Ngata ya vumbi kwenye viini vya galaksi, ipo kweli au tumezoea mchoro?

Mchungulia Anga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikifungua makala inayoeleza mashimo meusi makubwa ya katikati ya galaksi, nakutana na mchoro uleule. Shimo jeusi katikati, sahani ya gesi inayowaka imelizunguka, na nje ya sahani limekaa duara nene la vumbi lenye tundu katikati, kama ngata inayosubiri kubebea ndoo. Wengine wanaliita tairi. Mimi nitaliita ngata, na huko mbele mtaona kwa nini.

Nimeacha kuangalia michoro nikaanza kusoma vipimo, na sasa msimamo wangu ni huu: hoja iliyoizaa ngata ni sahihi, lakini ngata yenyewe, kama kitu kilichotulia chenye ukingo na umbo moja, haipo. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite kimyakimya.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1943 Carl Seyfert alichapisha uchunguzi wa galaksi chache zenye kiini king'avu kupita kawaida. Ukiutawanya mwanga wa viini hivyo katika rangi zake unaona mistari ya hidrojeni. Kwenye baadhi ya galaksi mistari ile ni mipana sana, kwa sababu gesi inazunguka kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde: nyingine inatujia, nyingine inatupa kisogo, basi mstari unatanuka huku na huku. Kwenye galaksi nyingine mistari yote ni myembamba. Baadaye wanaastronomia wakagawa makundi, la 1 lenye mistari mipana na la 2 lisilo nayo, na kwa miaka haikujulikana kama hao ni ndugu au ni viumbe wawili tofauti.

Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller wakachapisha vipimo vya NGC 1068, galaksi ya kundi la 2 ambayo hata Seyfert alikuwa ameiweka kwenye orodha yake. Hawakuupima mwanga wote kwa pamoja. Waliuchuja ule ambao mawimbi yake yanatikisika zaidi upande mmoja, yaani mwanga uliogonga kitu ukadunda kabla ya kutufikia. Ndani ya mwanga huo mdogo, mistari mipana ikajitokeza!

Fikiria umesimama nyuma ya ukuta usiofika darini. Taa huioni, ila dari yote imeng'aa. Kwenye NGC 1068 "dari" ni wingu la elektroni huru lililo juu ya kiini, na upande wa mtikisiko ulionyesha kwamba mwanga ulitokea juu, kufuata mhimili wa miale ya redio inayorushwa na kiini, si ubavuni. Kwa hiyo ubavuni kuna kizuizi, na juu pako wazi. Ukiangalia kutoka juu unaona kundi la 1; ukiangalia kutoka ubavuni unaona kundi la 2. Kiini ni kilekile, ila tumekaa pembe tofauti.

Hapo ndipo ngata ilipozaliwa. Angalieni vizuri kilichothibitishwa: kwamba kuna kizuizi ubavuni. Umbo la kizuizi hicho mchoraji alilijazia mwenyewe.

Kichwa Ngumu

Naweka kambi hapa.

Binti Sayari

Mkuu, swali la mwanafunzi. Kwa nini vumbi na si gesi tu? Na vumbi linawezaje kukaa karibu na kitu chenye joto kali vile bila kuungua?

Mchungulia Anga

Dada, maswali yako yote mawili ni ya maana.

Vumbi, kwa sababu gesi peke yake haizuii mwanga wa kawaida vya kutosha. Eksirei zinaweza kumezwa na gesi, lakini mwanga wa macho unahitaji chembe ngumu: silikati, yaani jamaa wa mchanga, na kaboni ya aina ya grafiti. Chembe zikimeza mwanga zinapata joto, halafu zinalitoa kama miale ya infraredi. Ndiyo maana viini hivi vinang'aa sana kwenye infraredi. Nishati haikupotea, imebadilishwa sarafu tu.

Na ndiyo, ukisogea karibu mno vumbi linakufa. Likifika joto la takriban Kelvini 1500, chembe zinageuka mvuke moja kwa moja, grafiti ikivumilia kidogo zaidi ya silikati. Kwa hiyo kuna mpaka ambao ndani yake hakuna vumbi, gesi tupu. Umbali wa mpaka huo unafuata kipeuo cha pili cha mng'ao: kiini kiking'aa mara 100 zaidi, mpaka unasogea nje mara 10.

Na mpaka huu umepimwa bila hata kuuona. Mng'ao wa sahani ya gesi hupanda na kushuka. Ukipanda, mwanga unasafiri hadi kwenye vumbi, vumbi linapata joto, halafu infraredi nayo inapanda, ila kwa kuchelewa. Unahesabu siku za kuchelewa, unazidisha kwa kasi ya nuru, umepata umbali. Ni mwangwi, isipokuwa huu ni wa nuru. Kwenye galaksi ya NGC 4151 uchelewaji ulipimwa miaka ya 2000 ukawa unacheza kati ya siku kama 30 na 70. Umebadilika ndani ya miaka michache tu. Kwenye mchoro wa ngata hakuna mahali pa kuandika "ukingo huu unahamahama".

Asiyesadiki

Mimi bado sijashawishika. Mnasema kizuizi kipo ubavuni, sawa. Lakini kitu kinachozunguka hujibapa chenyewe. Angalia pete za Zohali, angalia sahani yoyote ya gesi. Hiyo ngata yenu inabakije nene? Nani ameishikilia isianguke ikawa bapa?

Mchungulia Anga

Mzee, umeingia jikoni kabisa. Hilo ndilo swali lililowasumbua wenye fani kuliko yote.

Julian Krolik na Mitchell Begelman waliliandikia mwaka 1988. Ili gesi iliyo laini na iliyosambaa sawasawa ibaki nene, ni lazima chembe zake zirukeruke juu na chini kwa kasi inayokaribiana na ile ya kuzunguka, mamia ya kilomita kwa sekunde. Kama kasi hiyo inatokana na joto la gesi, joto lenyewe litakuwa kama Kelvini milioni moja. Nimetangulia kusema vumbi linakufa kwenye 1500. Kwa hiyo ngata laini inajikana yenyewe: ikiwa nene kwa joto haina vumbi, ikiwa na vumbi haina unene.

Njia waliyopendekeza ni kwamba si kitu kimoja, ni mawingu mengi yaliyotengana, kila moja baridi kwa ndani, yote yakikimbia kwenye njia zake kama nyuki. Sasa mnaona kwa nini napenda neno ngata. Ngata halisi ni matambara yaliyoviringishwa, si kipande kimoja cha mbao.

Na ikiwa ni mawingu, sentensi nzima inabadilika. Kuona kiini au kutokukiona kunakuwa suala la bahati. Ukiangalia kutoka ubavuni mawingu ni mengi, nafasi ya kupenya ni ndogo, lakini si sifuri. Ukiangalia kutoka juu ni machache, lakini moja linaweza kupita mbele yako. Miundo hii ilifanyiwa hesabu kamili na Nenkova, Ivezić na Elitzur miaka ya 2002 na 2008, na ilieleza jambo lililokuwa limekwama. Silikati zina alama yake kwenye infraredi, karibu na mikromita 9.7. Ngata laini ikiangaliwa kutoka juu ilitakiwa kuonyesha alama hiyo iking'aa kwa nguvu. Watu wakatafuta wasiione. Darubini ya Spitzer ilipoipata mwaka 2005, ilikuwa hafifu, na mawingu yaliyotengana yanaitoa hafifu hivyo bila kulazimishwa.

Na mawingu yenyewe tumeyaona yakipita! Galaksi ya NGC 1365, mwaka 2006: darubini ya Chandra iliona eksirei za kiini zikizibwa kabisa na kuzibuka, yote ndani ya siku nne. Wingu la vumbi lilipita mbele.

Mzee wa Mahesabu

Mchungulia Anga, nimekuwa nakubaliana na wewe hadi sentensi ya mwisho. Hapo umeteleza.

Kama wingu limezuia na kuachia ndani ya siku nne, fanya hesabu: lazima liwe dogo na liwe linakimbia kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kasi hiyo iko karibu na shimo, kwenye eneo la mistari mipana, ndani ya ule mpaka uliomweleza Binti Sayari. Humo hakuna vumbi. Lililopita mbele ya NGC 1365 ni wingu la gesi tupu. Eksirei hazijali kama kuna vumbi, zinamezwa na gesi yenyewe.

Kama unataka ushahidi wa mawingu ya mbali zaidi, chukua kazi ya Markowitz, Krumpe na Nikutta ya mwaka 2014. Walipitia kumbukumbu za setilaiti ya eksirei ya RXTE, wakapata matukio 12 ya kupatwa kwa viini 8, mengine ya siku chache, mengine ya miezi. Mengi yanaangukia kwenye mpaka wa vumbi au jirani yake.

Mchungulia Anga

Nimekubali, kosa ni langu. Siufuti ujumbe wa juu, ubaki ili watu waone masahihisho.

Ila Mzee, marekebisho yako yananisaidia kuliko yanavyoniumiza. Maana yake mawingu hayaanzii kwenye mpaka wa vumbi. Yapo ndani yakiwa gesi tupu, yapo nje yakiwa na vumbi, na mpaka ni mahali tu ambapo chembe zinaweza kuishi. Kwa hiyo ngata na ukanda wa mistari mipana si vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Ni mtaa mmoja, sehemu yenye jua kali na sehemu yenye nafuu.

Kichwa Ngumu

Mnaongea kama mmeiona hiyo ngata. Kuna picha?

Mchungulia Anga

Zipo, na ndizo zilizoharibu mambo, kwa maana nzuri.

Tatizo ni udogo. NGC 1068 iko umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 47, na tunachotafuta kina upana wa miaka ya nuru michache. Darubini moja haitoshi. Kule Paranal, Chile, kuna darubini nne za mita 8.2 kila moja, na mwanga wake unaweza kuunganishwa zikafanya kazi kana kwamba ni darubini moja yenye upana wa zaidi ya mita 100. Mwaka 2004 Walter Jaffe na wenzake walitumia mbinu hiyo wakapata vumbi vuguvugu, Kelvini kama 320, lenye unene wa miaka ya nuru karibu 7 na upana karibu 11, na ndani yake kitu kidogo chenye joto la zaidi ya Kelvini 800. Watu wakashangilia: ngata imeonekana!

Shangwe haikudumu. Kadiri vipimo vilivyoongezeka, ndivyo vumbi vuguvugu lilivyoanza kuonekana mahali lisipotakiwa: juu, kwenye mhimili. Kwenye NGC 3783, mwaka 2013, Sebastian Hönig na wenzake walikuta kati ya asilimia 60 na 90 ya infraredi ya kati inatoka kwenye vumbi lililorefuka kuelekea juu na chini. Kwenye galaksi ya Circinus mambo ni hayohayo: kisahani chembamba katikati, na sehemu kubwa ya mwanga kutoka kwenye vumbi la mhimili.

Rudi kwenye mchoro sasa. Pale juu palichorwa wazi, kwa sababu ndipo mwanga unapotokea. Na ndipo infraredi nyingi inapotoka!

Asiyesadiki

Si ndiyo nilichosema. Basi nadharia imekufa.

Mchungulia Anga

Haijafa. Vumbi la juu ni jepesi, limetawanyika, linapata jua moja kwa moja kutoka kwenye kiini ndiyo maana linang'aa. Vumbi la ubavuni ni zito, linajizibia lenyewe. Kung'aa na kuzuia ni kazi mbili tofauti, na mchoro wa zamani ulimpa mtu mmoja kazi zote mbili.

Vumbi la juu limefikaje? Hapa napapenda sana. Mwanga una msukumo. Kwenye gesi tupu msukumo huo ni mdogo, lakini chembe ya vumbi inaushika mwanga kama tanga linavyoshika upepo, na gesi iliyo jirani inakokotwa pamoja nayo. Vumbi lililo juu ya sahani, pale ukingoni karibu na mpaka, linapulizwa juu na nje. Ni chemchemi, ndugu zangu. Sahani nyembamba inaleta malighafi kutoka nje, joto la infraredi linaivimbisha mahali pa ndani, mwanga unaichukua na kuirusha. "Unene" wa ngata ni picha ya kitu kilicho njiani.

Na hili lina ushahidi usiohitaji picha. Mwaka 2017 Claudio Ricci na wenzake walichapisha uchambuzi wa viini karibu 400 vilivyopatikana kwa eksirei ngumu, yaani zenye nishati kubwa, za setilaiti ya Swift. Waliuliza: ni nini kinachoamua kama kiini kimefunikwa? Si ukubwa wa mng'ao peke yake. Ni mng'ao ukilinganishwa na uzito wa shimo jeusi, yaani nguvu ya kupuliza dhidi ya nguvu ya kuvuta. Ikifika kiwango ambacho gesi yenye vumbi haiwezi tena kuhimili, sehemu iliyofunikwa inashuka ghafla. Kiini kinajisafishia uwanja.

Binti Sayari

Kwa hiyo makundi ya 1 na ya 2 si pembe tu?

Mzee wa Mahesabu

Pembe bado ipo, dada. NGC 1068 haijabadilika tangu 1985, na gesi inayowaka kwa umbo la koni juu ya viini vingi inaonyesha wazi kwamba mwanga unatoka kupitia tundu. Lakini kiini chenye mfuniko mkubwa kina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana kundi la 2, na chenye mfuniko mdogo kinaonekana kundi la 1. Kwa hiyo ukikusanya mia za kundi la 1 na mia za kundi la 2, hujakusanya watu walewale kwa pembe tofauti. Umeshachagua tabia bila kujua. Wengi wanasahau hili wanapolinganisha wastani.

Na upande wa pili, Elitzur na Shlosman walionyesha mwaka 2006 kwamba kiini kikififia sana, upepo wa kurusha mawingu unakatika. Ngata inatoweka.

Nuru ya Kale

Msisahau viini vinavyobadilika kundi. Galaksi ya Mrk 1018 ilihamia kundi la 1 miaka ya 1980, ikakaa huko miaka kama 30, halafu ikarudi ilikotoka. Ikipimwa kwa eksirei hakuna wingu lililopita mbele. Injini yenyewe ndiyo iliyofifia. Hiyo haielezwi kwa ngata wala kwa pembe.

Pia kuna vumbi la galaksi yenyewe, la kule nje kabisa, maelfu ya miaka ya nuru kutoka kwenye kiini. Galaksi ikiwa imelala ubavu au imegongana na nyingine, vumbi hilo nalo linaweza kuficha kiini bila ngata yoyote kuhusika.

Mchungulia Anga

Yote mawili nayakubali. Niongezee la ALMA, zile antena za jangwa la Atacama. Zinaona gesi baridi, si vumbi la moto. Mwaka 2016 Santiago García-Burillo na wenzake walipata sahani ya molekuli kwenye NGC 1068 yenye upana wa miaka ya nuru kati ya 20 na 30 hivi. Baadaye ikaonekana kwamba upana unategemea unaangalia molekuli gani. Ukiuliza ngata ina ukubwa gani, jibu ni swali: unaiangalia kwa rangi ipi?

Na bado wenye fani hawajapatana. Mwaka 2020 timu ya GRAVITY, chombo kinachounganisha mwanga wa zile darubini za Paranal, ilipata pete ya vumbi la moto kwenye NGC 1068, nusu kipenyo chake chini kidogo ya mwaka mmoja wa nuru, wakasema shimo jeusi liko katikati yake. Mwaka 2022 Violeta Gámez Rosas na wenzake, wakitumia chombo kingine palepale Paranal, wakapima joto la vumbi na kusema hapana, shimo limejificha nyuma ya wingu zito, na kile kilichoonekana kama pete ni vumbi la moto la kando. Darubini zilezile, galaksi ileile, na shimo linahamishwa mahali.

Kichwa Ngumu

Kwa hiyo hata kwenye galaksi iliyochunguzwa kuliko zote hatujui shimo liko upande gani wa vumbi?

Mzee wa Mahesabu

Ramani ya 2022 naiamini zaidi, kwa sababu ina urefu wa mawimbi mengi na joto linapimwa badala ya kukisiwa. Na inaendana na 1985: kama pete ingekuwa wazi vile na shimo katikati, mistari mipana ingeonekana bila kusubiri idunde darini.

Binti Sayari

Swali la mwisho. Hakuna kitu kinachotoka mle ndani bila kuzuiwa?

Nuru ya Kale

Kipo. Nyutrino, chembe ndogo mno ambazo karibu hakuna kinachozizuia. Mwaka 2022 kituo cha IceCube, kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, kilitangaza ziada ya nyutrino kama 79 kutoka upande wa NGC 1068, zilizokusanywa kwa karibu miaka tisa. Miale ya gama yenye nishati kama hiyo haikuonekana ikija nazo, na hiyo inaonyesha zilizaliwa mahali penye msongamano mkubwa sana, karibu na shimo lenyewe, ambako gama zinamezwa. Nyutrino zimepita gesi, vumbi na mawingu kana kwamba hakuna kitu.

Asiyesadiki

79 kwa miaka tisa. Haya, hapo sina neno. Ila badilisha kichwa cha uzi, hiyo si ngata tena.

Mchungulia Anga

Sibadilishi, mzee. Kawaulize wanaobeba ndoo kama ngata yao ina umbo lilelile asubuhi na jioni.